Mabomba Manne ya Wadi Nudhub

Hail Nudhub, 4 Novemba 1977

Kwa mdogo wangu Muhanna bin Rashid,

Barua hii ikukute umekaa kitako unakula, maana najua huko Muscat unakula umesimama. Sisi wazima. Mama mzima ila macho. Juzi amemwamkia mbuzi akidhani ni Bi Mahfudha wa jirani, akamuuliza na hali ya watoto. Bi Mahfudha amesikia, amenuna, mpaka leo haji kunywa kahawa kwetu. Wasichana wangu wawili wanakusalimu. Tende zimetoka nzuri, tumekuwekea kikapu. Shemeji yako Thani naye salama. Amenunua redio, anaifungulia kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wa kijiji cha pili.

Barabara imefika, Muhanna. Bwana Dhahi mwenyewe alikuja na gari jeupe, watu wakachinja. Alisimama mbele ya msikiti akasema, "Miaka saba iliyopita nilikuwa na lori moja na dereva mmoja, na dereva huyo ni mimi." Watu wakacheka. Leo ana malori mia na arobaini, amesema, na wahandisi tisa. Akamshika Mama mkono, akamwambia, "Mwanao ndiye akili ya kampuni yangu." Mama alilia. Mimi nilisimama nyuma nikajikaza, lakini na mimi yalinilenga.

Sasa nina swali. Ulipokuja Idi ndogo ulitandaza karatasi mkekani, ukatuonyesha daraja. Lilikuwa na miguu sita. Ukasema mvua ikinyesha mlimani, maji ya wadi yatashuka bondeni yapite katikati ya miguu na watu watapita juu, hakuna atakayemsumbua mwenzake. Hapa siioni miguu. Malori yanamwaga udongo na mawe toka ukingo huu mpaka wa pili, wamefunga bonde zima kwa tuta, na chini yake wamelaza mabomba manne ya zege. Nilimuuliza msimamizi wao. Akaniambia, "Huu ndio mchoro, mama." Ananiita mama na ndevu zake nyeupe pepe.

Mama anauliza, daraja liko wapi? Jibu tumpe jibu.

Dada yako,
Shamsa

*

Muscat, 19 Desemba 1977

Dada yangu mpenzi Shamsa,

Nakuandikia juu ya karatasi yenye nembo ya kampuni; usidhani najivuna, ndiyo iliyo karibu. Nisamehe kuchelewa na nisamehe kukosa Idi kubwa. Nilisikia harufu ya nyama ya shimoni mpaka huku ofisini, ukipenda amini. Nimempa dereva Dilmurad dawa ya macho ya Mama, matone mawili asubuhi na mawili jioni, na blanketi mbili. Moja ni ya Mama. Ya pili usimwachie Thani aiuze.

Laiti ungeona tulivyokua. Nilipoajiriwa tulikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi, tunachorea juu ya mlango uliolazwa kwenye mapipa. Leo tuna jengo la ghorofa tatu. Tumepata kazi Dubai na Doha, na kuna watu wa Sana'a wanakuja mwezi ujao. Bwana Dhahi hasahau. Kila mkutano ananiweka kulia kwake, akiniita "Mhandisi wetu wa milimani" na watu wanapiga meza. Mimi mtoto wa Hail, niliyekwenda kusoma Kuwait na kanzu moja!

Kuhusu Wadi Nudhub, mwambie Mama mpango ulibadilishwa kidogo. Ni mambo ya kawaida katika kazi. Tuta nalo ni kazi nzuri, na linakwisha mapema, na nyinyi mtafika hospitali kwa saa mbili badala ya siku moja. Hilo ndilo la kumwambia.

Mbusu Mama kichwani.

Ndugu yako,
Muhanna

*

Hail Nudhub, 27 Januari 1978

Mdogo wangu,

Blanketi zimefika, dawa imefika, na Thani amekasirika. Nilimsomea barua yako yote, pamoja na sehemu yake. Anasema tangu upande ndege umekuwa na mdomo. Mama anaona nafuu kidogo, ameanza kunikosoa ninavyofagia. Bi Mahfudha amerudi kwenye kahawa. Baridi ya mwaka huu imeua ndimu za watu wa juu, zetu zimepona.

Nilimwambia Mama kwamba mpango ulibadilishwa kidogo. Akasema, "Nipelekeni kwenye jiwe."

Unalijua. Lile jabali nyuma ya msikiti lenye mstari mweupe, mahali maji yalipofika mwaka alioolewa yeye. Hawezi kupanda tena, kwa hiyo nimepanda mimi. Nilichukua kamba ya kisimani. Nikapima toka mstari mpaka chini kwenye changarawe, nikafunga fundo. Halafu nikateremka mpaka kwenye tuta lenu, mchana kweupe, wafanyakazi wakinitazama, nikapima na lile. Tuta ni fupi kuliko mstari. Limepungua urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mkono. Na mdomo wa kila bomba nikisimama ndani nagusa juu.

Mimi si mhandisi. Nimesoma Qur'ani kwa baba na vitabu vyako ulivyoviacha. Lakini mwaka ule maji yalijaza bonde kuta kwa kuta, Mama anasema yalileta mitende mizima na mizizi yake. Mtende mzima utapita wapi katika bomba?

Thani alinikuta nakunja kamba akacheka. "Umekuwa fundi wa kampuni? Watakulipa lini?"

Nijibu vizuri safari hii. Nina sababu ya kuuliza, na sababu hiyo sitaki kuiandika katika barua inayopita mikononi mwa madereva.

Shamsa

*

Muscat, 2 Aprili 1978

Dada Shamsa,

Natumaini Mama anaendelea vizuri na wasichana wanasoma. Mimi mzima, ila usingizi umepungua. Nimepandishwa cheo. Sasa wahandisi ni ishirini na wawili na wote wananiletea michoro niipitishe. Tumefungua ofisi Doha; nilikaa huko mwezi mzima, nikala samaki mpaka nikamkumbuka mbuzi wa Bi Mahfudha.

Barua yako ya Januari ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Ilikuwa juu ya meza yangu, imebandikwa tena kwa gundi, vibaya, kama mtu aliyetaka nijue. Siku ile ile mpwa wa Bwana Dhahi alinisimamisha kwenye ngazi, akaniuliza kwa kucheka, "Dada yako bado anapima?" Nikacheka na mimi. Tafadhali usipeleke tena barua kwa malori ya kampuni. Na usizungumze na watu habari za kamba. Hesabu ya mvua haifanywi kwa kamba, dada, kuna vitabu vyake na majedwali yake, na wakaguzi walikuja wakaona.

Nyumba yetu iko juu, mbali na maji. Kaeni juu. Sielewi kwa nini una wasiwasi hivyo.

████████████████████████

Nisalimie wote.

Muhanna

*

Hail Nudhub, 20 Mei 1978

Muhanna,

Mama yupo, wasichana wapo, joto limeanza. Nimetimiza salamu.

Barua hii inakuja na mzee Habash muuza halwa, atakuja mwenyewe Muscat kununua sukari. Ameahidi kuiweka ofisini kwenu mkononi mwa bawabu na si kwa mtu mwingine.

Mstari ulioufuta kwa wino nimeusoma. Niligeuza karatasi nikaishika juani, kalamu yako inakandamiza sana tangu utotoni. Umeandika: "Msimwache mtu yeyote ajenge chini ya tuta." Kisha ukaufuta. Sijui kipi kimenitia hofu zaidi, ulichoandika au kukifuta.

Kwa hiyo na mimi nakuambia nililoficha. Thani amejenga chini ya tuta. Tangu Januari. Barabara ilipopita, watu waliona mahali pa biashara ni pale kwenye changarawe, hatua mia mbili chini ya mabomba, malori yanaposimama kupoza injini. Wa kwanza kuteremka alikuwa mume wangu. Sikukuandikia kwa sababu ulishamdharau vya kutosha, na kwa sababu nilimpigia kelele nikashindwa, na mke haandiki mambo hayo. Sasa kuna maduka kumi na manne, mgahawa, fundi wa matairi, na kambi ya vibarua wenu. Thani anauza soda, sigara na kamba. Ana jokofu la mafuta ya taa. Amenona. Nikimwambia habari za maji ananijibu, "Shemeji yangu ndiye aliyejenga, nitaogopaje?" Anawaambia wateja hivyo. Anajivunia wewe, Muhanna, na ananikataza nisikuambie.

Jambo jingine. Adhuhuri, jua likiwa kali, vibarua huingia ndani ya mabomba kulala. Kuna ubaridi. Wanatandika mikeka humo, wengine wameacha na masufuria yao. Nikipita naona miguu imepangana.

Nakuuliza neno moja, nataka neno moja. Ule mchoro wa tuta, ni wewe uliyetia saini?

Shamsa

*

Muscat, 11 Julai 1978

Dada yangu,

Sitauliza hali ya mtu yeyote, nisamehe. Nilikuwa Sana'a wiki saba. Nimerudi leo asubuhi nikamkuta bawabu ananisubiri na barua yako ndani ya kilemba chake. Hakumpa mtu. Nimeisoma nimesimama kwenye lango.

Neno lako ni ndiyo.

Nikueleze ilivyokuwa. Daraja nililichora mwenyewe na lilikuwa jema. Oktoba, Bwana Dhahi aliniita tukiwa wanane mezani. Akasema, "Muhanna, daraja lako ni miezi kumi na minne. Tuta ni miezi minne. Watu wa Sana'a wanataka kuona barabara imefunguliwa kabla hawajatupa kazi." Nikamwambia mvua kubwa ikija, mabomba manne hayatoshi, yanahitajika kumi na mawili, na hata hivyo si salama.

"Mara ya mwisho ilikuja lini?"

"Mama yangu anasema mwaka alioolewa."

Akacheka. "Basi itarudi wajukuu wako wakiolewa! Na daraja watakuwa nalo, tutawajengea sisi." Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, Shamsa. Nimejaribu miezi tisa kukumbuka kwamba sikucheka, lakini nilicheka. Halafu akanisukumia kalamu. Angeweza kumpa mhandisi mwingine. Alinipa mimi kwa sababu kijiji ni changu, na hakuna atakayeuliza mara mbili.

Haikuishia hapo. Mchoro ule ulipokubaliwa ukawa mchoro wa kampuni. Umejengwa katika wadi nyingine kumi na moja toka mlimani mpaka pwani, mabomba manne manne, na kila karatasi ina jina langu. Ndiyo maana tumekua haraka. Wengine wanajenga madaraja, sisi tunamwaga udongo.

Sasa nisikilize, na umsomee Thani kwa sauti. Hameni leo. Acheni jokofu. Waambie vibarua watoke kwenye mabomba wasirudi. Na kama wadi itashuka kabla hamjahama, kuna kitu kimoja lazima mkijue. Maji yatapita kwanza kwenye mabomba, kwa nguvu. Halafu huenda yakakatika ghafla, chini kukawa kukavu. Msifurahi. Maana yake mitende na magogo yameziba midomo na maji yote yanajaa nyuma ya tuta. Udongo hauwezi kuyashika. Yakikatika, kimbieni juu, acheni kila kitu, msimngoje mtu.

Nakuja. Kesho nakwenda kwa Dhahi, kisha kwa wakubwa walio juu yake, kisha nakuja huko.

Mdogo wako,
Muhanna

*

Hail Nudhub, 28 Julai 1978

Muhanna bin Rashid,

Mama yu hai. Wasichana wangu wako hai. Mimi niko hai.

Barua yako ya tarehe 11 ilifika tarehe 17, kwa punda, kupitia njia ya zamani ya mlimani, maana barabara haipo. Ilinikuta nimekaa eda. Nikaisoma mbele ya wanawake waliokuja kunipa pole, kwa sauti, kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye maneno "chini kukawa kukavu," nilishindwa, mwanangu mkubwa akamalizia.

Nitakusimulia, kwa sababu hukuwepo na inakupasa uwepo.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 13, baada ya adhuhuri. Kwetu jua linawaka, hakuna hata tone. Lakini mlimani kulikuwa kweusi toka asubuhi, na Mama alikataa kula. Alikuwa anasema, "Nasikia mawe." Nikateremka nusu ya njia kumwita Thani. Nilikuwa bado kwenye ngazi za msikiti nilipoona maji yamechungulia nyuma ya tuta, rangi ya kahawa ya maziwa, yanakwenda kasi.

Thani aliyaona kabla yangu. Utani wote niliokuandikia juu ya yule mtu, ufute. Aliliacha duka wazi akakimbilia kwenye mabomba. Nilimsikia toka juu, sauti ile ile anayowaitia malori, "Amkeni! Tokeni! Wadi imeshuka!" Wengine hawajui lugha yetu, aliwavuta kwa miguu. Wakatoka kama panya, ishirini na zaidi, wengine nusu uchi, wakapanda kingo. Maji yakapita kwenye mabomba yote manne yanaunguruma. Watu wote tuko juu, wa maduka na wa kambi, hakuna aliyepotea. Thani akanipungia mkono toka ng'ambo. Alikuwa anacheka.

Kisha maji yakakatika.

Kama mtu aliyefunga bomba la tangi. Changarawe zinang'aa, zimelowa, samaki wadogo wanarukaruka. Kimya. Fundi wa matairi akasema, "Imekwisha? Hii ndiyo wadi mliyokuwa mnatutishia?" Watu wakacheka. Wakaanza kuteremka. Mmoja kufuata sufuria, mmoja kufuata mkeka, mmoja fedha zake alizozifukia chini ya godoro. Niliwaona wanateremka nami sikusema kitu. Nilifurahi. Nilisema alhamdulillahi.

Thani hakuteremka mara moja. Alisimama anatazama mabomba. Sijui alifahamu nini. Wanaosema walikuwa karibu naye wanasema alinong'ona, "Maji yamekwenda wapi?" Halafu akaanza kupiga kelele warudi, na walipokuwa hawarudi akateremka kuwafuata. Alimrudisha mpishi mmoja wa kambi, akamsukuma mpaka ukingoni. Akarudi tena.

Tuta halikuvunjika kwa kishindo. Lilikaa chini, Muhanna, kama ngamia anavyokaa. Nyuma yake kulikuwa na maji mpaka juu na mitende imesimama ndani yake. Sikumwona tena.

Tumezika tisa. Thani tulimpata siku ya pili, mwendo wa saa tatu chini, amekumbatiwa na mtende. Maduka yote kumi na manne hayapo, hata mahali yalipokuwa hapajulikani.

Kama barua ingefika siku nne mapema. Sitasema zaidi ya hapo, na wewe usiseme.

Jumatano alikuja mpwa wa Dhahi na wazee wawili wa pwani na karani. Wameleta mchele, sukari na kondoo. Wakakaa nje ya pazia langu wakanisomea rambirambi. Kisha karani akapenyeza karatasi na kibati cha wino chini ya pazia. "Weka dole gumba, bibi, ni ya kupokea pole tu." Nikamwambia, "Subiri." Nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba sisi wafiwa tunashuhudia mvua ilikuwa ya ajabu isiyopata kuonekana, kwamba wafu walionywa wasikae bondeni, na kwamba hatuna neno na mtu. Wajane wengine wanne walikuwa wameshabandika dole. Hakuna aliyewasomea.

Nikaomba kalamu.  Mpwa akasema, "Kalamu ya nini, bibi?" Nikasema, "Ya kuandika."

Nimeandika nyuma ya karatasi yao kamba yangu na vipimo vyake. Nimeandika mabomba manne badala ya kumi na mawili. Nimeandika maneno ya mezani uliyonieleza, na jina la aliyesema, na nimeandika jina la aliyetia saini. Jina lako kamili, na jina la baba yetu. Nikanakili kopi mbili kabla ya kuwarudishia. Moja amekwenda nayo Habash mjini kwa kamati iliyoundwa kuchunguza msiba huu, moja iko hapa.

Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwao.

Mama anauliza utakuja lini. Sijamjibu. Mimi mwenyewe sijui kama nataka uje.

Shamsa

*

Wadi Dhilal, 19 Agosti 1978

Dada Shamsa,

Sitaomba msamaha kwa karatasi. Salamu zangu kwa Mama, mwambie nafunga na nakula daku. Rambirambi ya Thani nitaileta kwa miguu yangu siku utakayosema njoo, na usiposema, nitaelewa.

Umefanya sawa kuandika. Kamati imeniita tarehe 3 Septemba, nami nitakwenda nikiwa na kopi za karatasi zote kumi na mbili. Nimeacha kazi. Kuacha ni neno kubwa. Nilipofika ofisini baada ya habari zenu, meza yangu ilikuwa imeshatolewa kwenye ngazi, na jina langu limekwanguliwa mlangoni. Bwana Dhahi, aliyenikwepa ile tarehe 12, alinipokea vizuri sana. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Akasema ni msiba wetu sote, kisha akaniambia wamepewa kazi ya kujenga upya njia ya Nudhub. Kwa tuta. Nikamuuliza kama kichwa chake ni kizima. Akasema, "Safari hii mabomba sita." Wiki hiyo hiyo alifungua ofisi Sana'a, na picha yake ilikuwa gazetini anakata utepe.

Wakubwa nilikwenda. Wamepokea maelezo yangu, wamesema watayatazama baada ya Ramadhani. Mvua haina Ramadhani, kwa hiyo nimekodi gari na nakwenda wadi baada ya wadi, zile kumi na moja. Hii ni ya nne.

Kila mahali ni vile vile. Barabara imepita, watu wamefuata barabara, chini ya tuta kuna maduka. Nasimama nawaambia hameni. Wananitazama kama mwendawazimu. Wadi ya kwanza walinipa maji ya kunawa uso, wakidhani saumu imenipanda kichwani. Ya pili kijana mmoja aliniuliza dukani kwake, "Unataka sehemu yangu wewe?" Ya tatu walinirushia mawe, madogo, ya kunifukuza tu. Hakuna aliyehama.

Jana nimefika hapa Dhilal. Maduka ishirini na moja, na shule wameijenga bondeni, ya mabati. Niliwakuta wanaume wamekaa kwenye kivuli cha lori wanasubiri alasiri. Nikaeleza habari ya Nudhub, maji kukatika, tuta kukaa chini. Mmoja wao, mwenye duka la vyombo, mtu wa makamo aitwaye Murshid, akanikatiza.

"Tumesikia. La Nudhub lilijengwa vibaya. Letu wamejenga mafundi."

"Ni tuta moja na lile."

"Umejuaje? Nani wewe hata tukusikilize, unakuja na kanzu yenye vumbi unatuambia tubomoe riziki zetu?"

Katika zile wadi tatu nilikuwa nimewaambia kwamba mimi ni mhandisi, nimesoma, ninajua. Jana nilichoka. Nikaitoa karatasi ya mchoro wa tuta lao garini, nikaitandaza juu ya changarawe mbele yao, nikaweka kidole kwenye jina.

"Mimi ndiye huyu," nikasema. "Mimi ndiye niliyelichora hili lenu, na lile. Nilijua halitoshi nikatia saini. Mume wa dada yangu amekufa ndani yake."

 Murshid aliinama akasoma jina, akanitazama usoni, akasoma tena. Nikadhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alisimama, akaenda dukani kwake taratibu. Nikasikia vyombo vinagongana. Akatoka na rundo la sahani amelikumbatia, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaanza kupanda ukingo.

Wengine wakainuka mmoja mmoja. Leo tangu alfajiri tumehamisha maduka kumi na sita, na mabati ya shule yako njiani. Hakuna anayezungumza na mimi. Wakinipa mzigo nabeba.

Nakuandikia nimekaa juu kwenye jabali. Mlimani kumeanza kufanya weusi. Bado maduka matano hapa, na bado wadi saba.

Muhanna